Kabla ya kununua mota mpya ya kiyoyozi, mlipe fundi apime

KATIKA ukanda wa Pwani, joto la kati ya Desemba na Machi halina mzaha. Mwenye nyumba ya kulala wageni pale Maili Moja, mwenye saluni Mlandizi na muuza dawa za mifugo Kisarawe mjini hujikuta na tatizo linalofanana. Kiyoyozi kinawaka, taa yake inaonekana, rimoti inaitika, lakini chumba hakipoi. Fundi anaitwa, anachungulia mashine ya nje, na mara nyingi anarudi na moja kati ya majibu mawili: ama gesi imeisha, ama mota ya feni imekufa. Yote mawili yanaishia mfukoni mwa mwenye mali.

Mwandishi wa makala haya alisomea uchumi wa kilimo, si umeme, na hana nia ya kumgeuza kila msomaji kuwa fundi. Nia ni kuangalia fedha. Mfanyabiashara mdogo hulipia mota nzima, pamoja na nauli ya kwenda Kariakoo kuitafuta, kwa hitilafu ambayo pengine ilikuwa kwenye kifaa kinachoenea kiganjani. Hufanya hivyo kwa sababu ambayo wachumi wanaifahamu vizuri: fundi wetu hulipwa kwa kubadilisha kifaa, halipwi kwa kupima. Ukimlipa mtu kwa kubadilisha, usishangae akibadilisha.

Feni mbili, kazi mbili

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kina mashine mbili na kila moja ina feni yake. Feni ya ndani husukuma hewa ya chumba ipite kwenye koili ya baridi. Feni ya nje hupuliza koili ya moto ili joto lililotolewa chumbani liende zake. Katikati ya mzunguko huo kuna kompresa, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu kilowati moja kinapofanya kazi, wakati mota ya feni ya nje peke yake hula kiasi cha balbu ya zamani ya wati 40 au 60.

Udogo huo unadanganya. Feni ya nje ikisimama huku kompresa ikiendelea, joto linakosa pa kutokea. Shinikizo la gesi ndani ya mabomba linapanda, kompresa inachemka, na baada ya dakika kadhaa kinga yake ya joto inaikata. Ikipoa inawaka tena, inachemka tena, inakatika tena. Anachokiona mwenye duka ni ubaridi wa muda mfupi asubuhi, kisha hewa ya vuguvugu hadi jioni. Akivumilia wiki nzima kwa kuwa "bado kinapuliza", anaweza kuiua kompresa, na kompresa ikifa, mara nyingi haina faida tena kukitengeneza kiyoyozi hicho.

Kwa hiyo feni ya nje isipozunguka huku mashine inanguruma, kizime kiyoyozi wakati huo huo, hata kama mteja yumo ndani. Fidia ya mteja mmoja ni ndogo kuliko bei ya kompresa.

Hapa pia ndipo hoja ya gesi inapoanguka. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa mwaka hadi mwaka. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kilekile mara mbili. Isitoshe, feni ya nje ikiwa imesimama, shinikizo huwa limepanda. Kuongeza gesi katika hali hiyo ni kumwongezea mzigo mpagazi ambaye magoti yamekwisha kulegea. Wenye mashine za zamani za R-22 wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwani chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake, gesi hiyo inaondolewa hatua kwa hatua, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030. Kadiri inavyoadimika ndivyo kujaza ovyo kunavyogharimu.

Anza na uchafu, malizia na mota

Utaratibu mzuri wa kutafuta hitilafu huanza na jambo la bei rahisi na kuishia na la bei ghali. Mafundi wengi wanalijua hilo. Tatizo ni kwamba mwenye mali amesimama chini ya ngazi akiuliza lini kitakwisha.

Kabla ya yote, umeme uzimwe kwenye swichi kuu ya kiyoyozi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu mashine bado ina umeme ndani. Kisha panga la feni lizungushwe taratibu kwa kijiti kupitia kwenye wavu. Likizunguka kwa wepesi na kuendelea kidogo lenyewe, beringi ni nzima. Likiwa zito, au likikwaruza, kuna kitu: beringi iliyokauka, wavu uliobonyea ukagusa panga, kiota cha nyigu, au mjusi aliyejichagulia makazi mabaya. Vumbi nalo lina lake. Mashine iliyofungwa karibu na barabara ya Morogoro, au pembeni ya barabara za udongo za kuelekea Maneromango na Mzenga, huziba koili yake ya nje kama blanketi. Feni huzunguka vizuri lakini hewa haipiti, na dalili zake zinafanana sana na za feni iliyosimama. Brashi laini na maji yasiyo na kasi kubwa vinatosha kuiosha.

Hatua inayofuata ni kujua kama umeme unaifikia mota. Fundi aliye na mita anapima kwenye nyaya za mota yenyewe, mashine ikiwa imewashwa. Hiyo ni kazi yake, si ya mwenye nyumba. Umeme usipofika, mota haina hatia. Shida itakuwa kwenye waya ulioungua sehemu ya kiungo, kwenye swichi ya ndani inayoiwasha feni, kwenye bodi, au kwenye waya unaounganisha mashine ya ndani na ya nje. Sisimizi hupenda sana kuingia kwenye swichi hizo, na maiti zao chache zikijibana kati ya vidole viwili vya shaba zinatosha kuzuia umeme usipite. Tiba yake ni kusafisha.

Umeme ukifika na mota ikaguna bila kuzunguka, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita. Mota ya umeme wa njia moja, yaani ule unaoingia majumbani kwetu, haiwezi kujianzisha yenyewe. Ina koili mbili ndani, na kapasita ndiyo inayoifanya koili ya pili ipokee umeme kwa wakati tofauti kidogo na ya kwanza, hivyo kuipa mota msukumo wa kuanza na mwelekeo wa kuzunguka. Ikidhoofika, mota inakuwa kama mtu anayesukuma mkokoteni uliozama kwenye mchanga: nguvu anayo, ila hauondoki. Ikidhoofika nusu tu, feni itazunguka polepole, itachemka, na mchana wa joto kali itasimama.

Kapasita ya feni ni kijisanduku au kikopo kidogo. Juu yake huandikwa uwezo wake kwa maikrofaradi, alama ya µF, na volti zake, kwa kawaida 400 au 450. Kwa feni za viyoyozi vya majumbani uwezo huwa mdogo, mara nyingi kati ya 1.5 na 3, tofauti na ile ya kompresa ambayo huwa makumi. Inapimwa kwa mita yenye sehemu ya kupimia kapasita, na ikisoma chini ya kilichoandikwa kupita kiwango kinachoruhusiwa, mara nyingi asilimia 5, haifai. Iliyovimba au kupasuka haina haja ya kupimwa. Angalizo moja ni kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, hivyo asiye fundi asiiguse.

Unapobadilisha, maikrofaradi ziwe zilezile. Volti zinaweza kuwa zilezile au kuzidi. Ile desturi ya kufunga ya 5 mahali pa 2 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani inaipitishia koili ya pili umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa, na mota ambayo ilikuwa nzima sasa itaungua kweli.

Baada ya hayo yote ndipo mota ihojiwe. Nyingi za aina hii zina nyaya tatu za umeme. Fundi akipima ukinzani kati ya kila jozi anapata namba tatu, na mbili ndogo zikijumlishwa zinapaswa kukaribia ile kubwa. Jozi isiyosoma kitu ina maana waya umekatika ndani. Ikisoma kati ya waya wowote na bodi ya chuma, umeme unavuja na mota hiyo ni hatari. Lakini kuna mtego. Ndani ya mota nyingi kuna kinga ya joto inayokata mzunguko mota ikichemka na kuurudisha ikipoa. Ukipima mota ambayo imetoka kuguna juani kwa nusu saa, inaweza kusoma kama iliyokufa. Iachwe ipoe kabisa, hata saa nzima, ndipo ihukumiwe. Mota nzima inaweza kutupwa kwa sababu tu fundi alikuwa na safari nyingine.

Viyoyozi vipya vya inveta ni habari nyingine. Mota zao za feni mara nyingi hazina kapasita, zina nyaya tano, na huendeshwa na bodi. Kuzipima kama mota ya kawaida hakutoi jibu la kuaminika. Hapo mtafute fundi aliyesomea aina hizo, na umwulize waziwazi kama amewahi kuzitengeneza.

Ada ya kupima inalipaje?

Tufanye hesabu, na msomaji aweke bei za kwake mahali pa hizi za mfano. Tuseme mota mpya ni Sh 90,000, kapasita ni Sh 10,000, na fundi anakubali kupima kwa Sh 10,000 hata kama hatabadilisha kitu. Hitilafu ikiwa ya kapasita, aliyepimiwa ameokoa Sh 80,000. Hitilafu ikiwa kweli ya mota, amepoteza ile ada ya Sh 10,000. Kwa hiyo inatosha hitilafu moja tu kati ya nane iwe ya kapasita ili ada ya kupima irudishe gharama yake. Ikiwa ni mbili au tatu kati ya nane, unapata faida. Waliokaa karibu na kazi hii wanajua kwamba kapasita haishindwi kwa nadra kiasi hicho.

Kuna na gharama ya kusubiri, ambayo wengi hawaiandiki popote. Chukua mwenye nyumba ya wageni anayetoza Sh 30,000 kwa chumba chenye kiyoyozi na Sh 20,000 kwa chumba cha feni. Kila usiku kiyoyozi kikiwa kimelala, Sh 10,000 zimekwenda, na hiyo ni kama mgeni atakubali kubaki. Mota ikisubiriwa siku nne kutoka mjini, Sh 40,000 zimeongezeka juu ya bei yake. Kwa mji kama Kibaha hilo si jambo la kupuuza. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro ina kituo Soga, bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025, na mgeni asiyelala kwako anaweza kulala kwa jirani.

Kwa hiyo panga na fundi kabla hajapanda ngazi. Ada ya kupima iwe mbali na ada ya kufunga, na kifaa cha zamani abaki nacho mwenye mali. Mwambie akuonyeshe kilichosomwa na mita. Anayejua kazi yake hatachukia. Fani ya majokofu na viyoyozi hufundishwa VETA, na kijana aliyeipitia anajua kwamba kupima ndiyo nusu ya kazi.

Umeme mdogo, mota moto

Kuna adui mwingine ambaye hakai kwenye mashine. Umeme wetu unatakiwa kuwa wa volti 230, lakini anayeishi mwisho wa laini, ambako nyumba nyingi zimeunganishwa kwenye transfoma moja, anajua balbu inavyofifia saa moja usiku. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, msukumo wa kuanza unabaki kama asilimia 61 tu. Mota yenye kapasita iliyochoka, ambayo mchana inajikongoja, usiku haitaondoka kabisa. Fundi akija saa nne asubuhi anakuta kila kitu kinafanya kazi, na mabishano yanaanza.

Njia ya kulimaliza ni kupima volti saa ile ile tatizo linapotokea. Zikiwa chini, mota mpya haitasaidia, kwani nayo itachemka vilevile. Hapo dawa ni stabilaiza inayolingana na ukubwa wa kiyoyozi, au angalau kile kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukiwa chini au juu mno na kuurudisha baada ya dakika chache. Ucheleweshaji huo una faida nyingine: umeme unapokatika na kurudi ghafla, kompresa hupata muda wa kutulia kabla ya kuanza upya. Na malalamiko ya umeme mdogo yapelekwe TANESCO kwa maandishi, yakiwa na saa na volti zilizosomwa.

Kuhusu bili, EWURA mwaka 2016 ilipanga Sh 292 kwa uniti kwa watumiaji wa kawaida kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hiyo, kilowati moja kwa saa nane ni Sh 2,336 kwa siku. Koili chafu au feni inayojikokota humfanya mwenye duka alipe saa hizo bila kupata ubaridi wake.

Ikibidi kununua mota

Kama mota imekufa kweli, isinunuliwe kwa kukadiria macho. Ichukuliwe ya zamani mkononi, au picha ya kibandiko chake kwenye simu, na vilinganishwe volti, hezi (zetu ni 50), wati, kasi ya mzunguko kwa dakika, unene wa ekseli na kapasita inayotakiwa. Mwelekeo wa kuzunguka nao uangaliwe, kwa sababu panga la nje limekatwa kusukuma hewa upande mmoja. Mota ikizunguka kinyume, feni itaonekana inafanya kazi lakini kompresa itaendelea kuchemka. Anayetoka Kisarawe kupitia Pugu na Gongo la Mboto hadi Kariakoo hatapenda kuirudia safari hiyo kwa sababu ya milimita mbili za ekseli.

Kama ni beringi tu, waulizwe mafundi wa mota kama inafunguka. Namba ya beringi huchorwa ubavuni, kwa mfano 608 au 6201, na beringi ni rahisi kuliko mota. Kusuka upya koili za mota ndogo ya feni, kwa maoni yangu, hakulipi ila pale ambapo mota mpya haipatikani.

Mfugaji naye anahusika

Msomaji anayefuga kuku pengine ameanza kujiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kuliko mwenye saluni. Mota ya feni kubwa ya banda la kuku wa nyama, ikiwa ni ya umeme wa njia moja, ina tabia hizi hizi, na mara nyingi ina kapasita ya aina hiyohiyo ikiwa na namba kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba mgeni akiona joto hulalamika, ilhali kuku hufa. Kuku wa wiki tano, aliyejaa nyama na manyoya, feni zikisimama saa nane mchana wa Februari, ataanza kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa, na banda lililosongamana linaweza kupoteza wengi kabla ya jua kuzama. Huyo amekwisha kula chakula chake chote na alibakiza siku chache aende sokoni. Hakuna hasara kubwa kuliko hiyo katika ufugaji wa kuku wa nyama.

Vumbi la manyoya na pumba huziba matundu ya kupozea mota za mabanda haraka, hivyo zipulizwe au kupigwa brashi kila wiki, na kila baada ya kundi kuuzwa zifunguliwe na kapasita zake zipimwe. Mashine ya kutotolesha vifaranga ni ndogo zaidi, na feni yake mara nyingi haina kapasita. Lakini joto la nyuzi 37.5 linatakiwa lienee sawasawa kwenye trei zote, na feni ikisimama, mayai ya juu yanaiva huku ya chini yakipoa. Huko ni afadhali kuwa na feni nzima ya akiba.

Muuza dawa za mifugo asijisahau pia. Chanjo ya mdondo inayotengenezwa hapa hapa Kibaha na taasisi ya chanjo ya TVLA huvumilia joto kuliko nyingine, lakini nayo hutunzwa kwenye baridi, na friji iliyo ndani ya duka linalochemka hufanya kazi bila kupumzika. Kiyoyozi cha duka kikifa, angalia kipimajoto cha friji kabla ya kumpigia fundi.

Kwa mwenye banda, kapasita mbili za akiba zenye namba sahihi zinunuliwe kabla ya Desemba, ziandikwe tarehe, na ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko karibu na swichi kuu. Namba ya simu ya fundi iandikwe ukutani kwa rangi, mahali ambapo kijana wa zamu anaweza kuiona hata mwenye mradi akiwa safarini.